Mgeni Aliyeombea Chai

Wakonyo alianza mazoezi kwa kutishwa, si kwa kupenda. Ilikuwa kiangazi, jua la Bungoma limekausha hata nyasi za kando ya mitaro, na Daktari Joan alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akaangalia, akakifungua, akamfunga tena mkono wa pili.

"Wewe ni nesi," Joan alimwambia. "Nikikuambia hii presha ni mbaya, si unajua?"

"Najua."

"Unalala?"

"Nikipata nafasi."

"Basi tafuta raba, uende uwanja wa Kanduyi utembee kila jioni. Ama nikulaze hapa hapa kwa wodi yako, uhudumiwe na wenzako wakikucheka."

Akaenda sokoni akatafuta raba. Alikuwa na miaka thelathini na sita, umri wa mtu kupanda ngazi bila kushika ukuta, lakini uchovu wake haukuwa wa miguu. Kwa miaka miwili alikuwa akimaliza shifti Bungoma na kukimbilia Kitale kumuuguza mama yake, kisha anarudi Bungoma kuuguza mama za watu. Mama alizikwa mwezi wa nane. Tangu hapo kila simu kutoka nyumbani ilikuwa na swali moja: utarudi lini? Baba yake, Mzee Ngari, alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vingi. Kaka yake Kiragu alikuwa na mke, matrekta na shughuli zake, na kwa akili ya familia, mtu asiye na mume ndiye mtu asiye na kazi. Kiragu alikwisha kuongea na mtu kuhusu uhamisho wa kwenda hospitali moja ya Kitale. Kilichobaki ni Wakonyo kusema ndiyo. Hakuwa amesema ndiyo, wala hakuwa amesema hapana. Hakuwa na nguvu ya kusema lolote kati ya hayo mawili.

Jioni uwanja huo wa Kanduyi, unaoitwa Masinde Muliro, huwa na watu wa kila namna: vijana wa mpira, makarani wenye vitambi, na akina mama waliotishwa na madaktari kama yeye. Wakonyo alizunguka polepole huku akipitwa na kila mtu, hata na nyanya mmoja aliyefunga leso kiunoni na kutembea kama anakwenda kugombana na mtu. Akishindwa, alikaa kwenye ngazi ile ile ya jukwaa, akavua viatu, akatazama mbele bila kuona kitu. Hilo ndilo zoezi alilolifanya kwa bidii.

Siku aliyomgundua mchoraji, alimgundua kwa mguu. Alikuwa anashuka ngazi akapiga teke kopo alilodhani limetupwa, maji machafu ya rangi ya udongo yakamwagika, na mwanamume aliyekaa pale na ubao magotini akaruka kuokoa karatasi zake.

"Pore," yule mwanamume alisema.

"Mimi ndiye nimemwaga, na wewe ndiye unasema pole?"

"Si ya maji. Nasema pore kwa sababu umechoka."

Wakonyo akamtazama. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache zilizoanza mvi upande mmoja tu, na vidole vyenye madoa ya bluu. Macho yake hayakuwa na haraka. Kisha akaitazama karatasi aliyoishika. Watu waliokuwa wakikimbia walikuwa madoa mepesi tu yaliyofifia nyuma, lakini mbele alikaa mwanamke mmoja, viatu vimevuliwa, mabega yameshuka, mikono imelazwa mapajani.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nani alikuambia unichore?"

"Hakuna mtu. Nakuona hapo kira siku. Kama hutaki, napasua sasa hivi."

"Ngoja. Mbona hukunichora nikitembea? Si mimi nakuja mazoezi?"

"Nirijaribu, bana. Ukitembea unajifanya hujachoka. Ukikaa ndio unakuwa wewe."

Alipaswa kukasirika. Alijua kabisa kwamba mwanamke mwenye heshima zake angekasirika. Lakini tangu mazishi watu wote walikuwa wamemwambia ajikaze, na huyu hapa mtu asiyemjua alikuwa ameona uchovu wake, akauona unafaa kuchorwa. Akauliza swali la kwanza lililomjia ili asilie mbele ya mgeni.

"Hii ni rangi gani?"

"Rangi ya maji."

"Kama ile ya ukuta?"

Mwanamume akacheka. Jina lake Wepukhulu, alisema, na rangi ya ukuta ndiyo inayomlisha. Mchana huandika majina ya maduka, picha za mkate na sabuni, na mabango ya harusi. Hii ya kopo na karatasi ni ya jioni, ni yake mwenyewe.

"Hii haitaki haraka," alisema. "Ukiweka ingine kabra ya kwanza kukauka, zote zinakimbia, na huwezi rekebisha. Inataka mtu wa kungojea."

"Basi mimi siwezi. Sijui kungojea."

"Wewe? Si hiyo ndio kazi yako hapo juu kira jioni?"

Wakonyo akacheka. Kicheko kilimtoka kikiwa na kutu, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Baada ya hapo alizunguka uwanja haraka zaidi ili afike kwenye ngazi mapema. Joan alipompima akafurahi, akadhani ni kutembea. Wakonyo alimletea Wepukhulu maji safi kwenye chupa. Wepukhulu alimwachia nafasi upande usio na jua. Walicheka sana kuhusu ulimi wake. Ulikuwa ulimi wa Bungoma hasa, r ilikuwa ikikalia kiti cha l humo bila kuomba ruhusa.

"Sema 'lori limelala'," Wakonyo alimchokoza.

"Rori rimerara."

"Lo!"

"Na wewe mwenyewe, babako wa Kitare anasema aje?"

"Wacha Baba. Kwa Baba l haijazaliwa. Yeye anakula 'chakura', halafu 'anarara'."

"Basi tutaerewana," Wepukhulu alisema, akimtazama muda mrefu kuliko mzaha wenyewe. Wakonyo ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Wepukhulu aliwahi kuposa mara moja kule kijijini Misikhu, mambo yakaharibika, na tangu hapo akawa mtu wa kuchora zaidi ya kusema. Wakonyo naye alikuwa amechoka kutumaini. Alikuwa akienda kulala na ule mtazamo, akiamka nao, na mchana anachoma watu sindano huku anautafakari, lakini kuutaja kwa mdomo kulimshinda.

Kisha Kiragu akapiga simu.

"Baba anataka uje Jumapili," alisema. "Na uje na jibu. Huyo mtu wa uhamisho hawezi kungoja milele."

Jioni hiyo Wakonyo alimweleza Wepukhulu yote, kuanzia ugonjwa wa mama mpaka vyumba vitupu vya Kitale. Wepukhulu alisikiliza huku akiosha brashi. Aliiosha hata baada ya kutakata.

"Kwenu kunaonekana mrima?" aliuliza mwishowe.

"Elgon? Unaonekana wote kutoka mlangoni, kukiwa hakuna vumbi."

"Naweza kuja hiyo Jumapiri?"

"Kuchora?"

Wepukhulu akaitumbukiza brashi majini tena. "Eeh. Kuchora."

Wakonyo alirudi nyumbani ameumia. Mwanamume mwingine angesema usiende. Huyu alikuwa ameulizia mlima. Hata hivyo alimpigia baba yake, akamwambia kuna rafiki anayechora ambaye angependa kuona shamba, na baba akasema mgeni hafukuzwi.

Shamba la Mzee Ngari liko nje ya Kitale, upande wa kwenda Endebess, na siku hiyo mabua ya mahindi yalikuwa yamelala chini na udongo umeanza kupinduliwa kungojea mvua. Wepukhulu aliwasili wakati watu wanatoka kanisani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa hofu, ubao wake umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mzee Ngari alimsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mnene, mpole, aliyekonda shingoni tangu mke wake afe, na kofia yake aliivua kwa ajili ya Mungu na chakula tu. Kiragu alimpima mgeni kuanzia viatu.

"Ati kazi yako ni gani?"

"Nachora. Rangi ya maji."

"Poa. Hata hii sebule yetu inataka kupakwa."

Wakonyo alileta chai, mkate na viazi vitamu, akakaa pembeni. Alijua chai ikiisha baba yake ataomba jibu, na jibu pekee alilokuwa na nguvu nalo ni lile wanalolitaka. Mzee Ngari akavua kofia, na kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo, akampa mgeni heshima.

"Kijana, tuombee chakura."

Wepukhulu alisimama. Watu wakafumba macho.

"Baba Mungu," alianza, na jasho lilisikika kwenye sauti yake, "tunakushukuru kwa kutureta mahari hapa. Bariki hii chai, bariki mikono irioitayarisha. Baba, wewe unajua kitu kirichonitoa Bungoma. Unajua mimi natafuta mahari. Guza roho ya Mzee, tukimariza chai tuongee naye hayo mambo ya mahari, na asinikatarie. Ni katika jina ra Yesu."

"Amina," alisema Kiragu, kwa mazoea.

Hakuna mwingine aliyesema. Wakonyo alipofumbua macho, baba yake alikuwa amekwisha kufumbua yake kitambo, na anamtazama mgeni kama mtu aliyeingiliwa na ng'ombe wa jirani shambani.

"Kijana," alisema taratibu. "Umeomba mahari?"

"Ndio, Mzee."

"Peke yako? Bira mjomba? Bira hata mzee mmoja wa kwenu?"

Wepukhulu alishangaa kidogo, lakini akatabasamu. "Niriona ni kitu kidogo, Mzee. Nirijua sisi wawiri tutaerewana."

"Kitu kidogo!"

"Hata ikiwa ndogo kabisa, mimi sina shida. Hata ikiwa huko nyuma ya stoo ya mahindi, hakuna mtu anaona."

"Mahari ya nyuma ya stoo!" Mzee Ngari alisukuma kikombe. "Kiragu, unasikia? Mtu anakuja kwangu Jumapiri kama mtu wa kununua ndama, ati tumarizane naye nyuma ya stoo!"

Hapo ndipo Wakonyo alipoelewa. Alikaribia kucheka, kisha hakucheka. Wepukhulu alikuwa anaomba mahali, mahali pa kukaa atazame mlima wake. Kosa lilikuwa herufi moja. Angeitamka vizuri yeye, aliyefundishwa kuitamka, na kila kitu kingetulia. Chai ingenyweka, mlima ungechorwa, yeye angesema ndiyo, na mwezi ujao angekuwa kwenye chumba chake cha zamani akisikiliza baba akikohoa.

"Wakonyo," baba yake alimgeukia. "Urisema huyu ni rafiki wa kuchora. Umemreta kufanya nini?"

Alimtazama Wepukhulu. Maskini alikuwa bado anatabasamu, akidhani mazungumzo yanaendelea vizuri. Alimpenda. Alimpenda kwa ukimya wake na madoa yake ya bluu, na alikuwa amechoka kumpenda bila mtu yeyote kujua, hata Wepukhulu mwenyewe.

"Umesikia vizuri, Baba," alisema, akitazama sakafu. "Ni mahari. Ile ya ng'ombe na mbuzi."

Kikombe cha Wepukhulu kiligonga kisahani.

"Ng'ombe?" aliuliza.

Sebule nzima ilimgeukia. Akamtazama Wakonyo, akamtazama Mzee, na polepole uso wake ukaanza kuelewa yaliyotokea.

"Hapana," alisema. "Mimi nirisema mahari."

"Si ndio tumesikia!" Kiragu alifoka.

"Sio hiyo mahari. Mahari."

"Ngoja, ngoja." Mzee Ngari aliinua mkono. Hata yeye, tangu azaliwe, hakuwahi kuyatenganisha maneno hayo mawili. "Wewe unasema mahari ya kukaa, ama mahari ya ng'ombe?"

"Ya kukaa, Mzee."

Uso wa Wakonyo ulipata moto mpaka masikioni. Alikuwa amejitoa mbele ya baba na kaka yake kwa mtu aliyekuja kutafuta pa kuweka kiti. Alisimama, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijanywewa.

"Nimekosea, Baba. Amesema mahali. Samahani."

"Wakonyo, kaa," Wepukhulu alisema. "Sijamariza."

"Umemaliza. Hiyo dirisha ya jikoni ndiyo inaona mlima vizuri. Enda uchore."

"Sikukuja kwa sababu ya mrima!"

Hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata Wepukhulu mwenyewe alionekana kushtuka. Akaishusha, akamgeukia Mzee.

"Mzee, nirisikia huyu anarudi huku. Nirikaa nikafikiria. Kazi yangu ni brashi, na hata Kitare kuna maduka ya kuandikwa. Nikasema nije nikuurize kama kuna nyumba ndogo hapa ya kupanga, hata ya nyuma ya stoo. Kama yeye yuko huku, mimi nibaki Bungoma nikichora nani?"

Trekta ilisikika mbali kwa jirani, ikigeuka. Kiragu alianza kuchunguza viatu vyake mwenyewe. Wakonyo alibaki amesimama na vikombe mkononi, na macho ya Wepukhulu yalikuwa juu yake, yale yale yasiyo na haraka, ila sasa yalikuwa na maji.

"Na hiyo ya ng'ombe," Mzee Ngari aliuliza, "hukufikiria?"

"Nirifikiria, Mzee. Niriogopa."

"Uriogopa nani?"

"Wewe. Na yeye zaidi. Sikujua kama anataka."

"Sasa umejua," Wakonyo alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa nimejua."

Kiragu alikohoa. "Haya, basi hakuna shida. Kama huyu anahamia huku, na Wakonyo anarudi, kila kitu kimejipanga. Nampigia yule mtu wa uhamisho kesho asubuhi."

Wakonyo aliweka vikombe mezani, kimoja kikapinduka na hakukiinua.

"Kiragu amenitafutia uhamisho," alisema. "Wepukhulu anatafuta nyumba. Baba anangoja jibu. Kila mtu amepanga. Kuna mtu amenisikia nikisema narudi?"

Akamgeukia Mzee.

"Baba, sirudi. Nitakuja kila nikipata ofu kazini, nitakupikia, tutakaa tuongee mpaka unichoke. Lakini sirudi kukaa. Nilimuuguza Mama mpaka mwisho, na sijutii hata siku moja. Ila nimechoka, Baba. Presha ilipanda mpaka daktari akanitisha. Nikirudi kwenye hii nyumba sasa, nitalala kwa kile kitanda cha Mama na sijui kama nitaamka."

"Na Baba abaki na nani?" Kiragu aliuliza.

"Na wewe, Kiragu. Mlango wako uko hapo ng'ambo ya ua."

Mzee Ngari alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akiizungusha. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi, na Wakonyo aliona hivyo, akaumia, na hakurudisha maneno yake.

"Daktari amekutisha," mzee alisema, "na hukuniambia."

"Ungesema nije nyumbani nipumzike."

"Ningesema." Alikubali bila ubishi. Akajifuta macho kwa kofia, taratibu, jicho moja kisha la pili. "Siwezi kukuambia ni sawa, mama. Si sawa. Hii nyumba ni kubwa."

"Najua, Baba."

Wakonyo alikwenda kukaa karibu naye, kwenye mkono wa kiti, jinsi alivyokuwa akikaa akiwa msichana wa shule. Baba yake alimpigapiga goti mara kadhaa bila kumtazama, kisha akavaa kofia na kumgeukia mgeni, ambaye alikuwa bado amesimama katikati ya sebule na hajui pa kuweka mikono.

"Kijana, umesikia. Harudi."

"Nimesikia, Mzee."

"Basi hii mahari ya kukaa huitaki tena."

"Siitaki, Mzee."

"Imebaki ire ingine," alisema Mzee Ngari, akaivuta chai yake iliyokwisha kupoa na kuganda utando juu. "Na hiyo, uje na watu."